Sanduku la Nesi: Haitiki jina lake, lakini karatasi ya biskuti anaisikia

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wanaoshughulikia usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto aseme na ahusiane na watu kwa njia tofauti, na matatizo mengine ya ukuaji wa watoto. Nikadhani yamekwisha. Barua zimekuja mpaka mhariri ameniongezea ukurasa. Nimechagua sita, nyingine nitazijibu kwa simu.

*Shikamoo Bi Nesi. Nina mtoto wa kiume, atatimiza miaka mitatu baada ya Ramadhani. Alitembea mapema kuliko dadake. Alikuwa na maneno mawili, "mama" na "maji", yakapotea. Nikimwita hageuki. Kutwa yuko na vifuniko vya soda, avipanga mstari toka mlangoni hadi kwenye mtungi, ukikisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Mama mkwe asema ana shetani, kashanyweshwa kombe mara tatu. Wifi yangu asema nimejitakia mwenyewe. Hao watafiti wanafanya nini hasa, na wana dawa? — Mama Vifuniko, Mtwapa*

Marahaba mwanangu. Kwanza masikio. Mtoto asiyeitika jina huenda hasikii, na uziwi una njia zake. Leo jioni, akiwa amezama katika vifuniko vyake, simama nyuma yake asikuone, uchakarishe karatasi ya biskuti. Akina mama wengi walionijia walinambia jambo lile lile: "Nikimwita ni kama nimeita ukuta, lakini biskuti ikifunguliwa chumba cha pili yuaja mbio." Hicho si kipimo, ni fununu tu. Bado nakutaka umpeleke hospitali apimwe masikio kwa vyombo, maana wako watoto wanaosikia sauti fulani na kukosa nyingine.

Dawa ya kuondoa usonji hakuna, si Kilifi wala si Marekani. Akitokea mtu kukuuzia, shika mkoba wako vizuri. Mtoto akiwa na kifafa, na watoto wenye usonji hupatwa na kifafa zaidi ya wengine, hicho kina dawa na usikicheleweshe.

Sitasema kwa barua kwamba mwanao ana usonji. Nasema uliyoyaandika yatosha kumpeleka akachunguzwe bila kungoja: maneno yaliyokuja yakaondoka, jina lisiloitikwa, mstari usioguswa. Kuna moja hukuandika, nami ningeliuliza kabla ya yote. Je, yeye huwa anakuonyesha kitu kwa kidole? Sisemi kuomba. Akitaka maji aweza kukushika mkono akakuburuta hadi kwenye mtungi, huko ni kuomba. Nasema kukuonyesha tu, kunguru yuko juu ya bati, akakinyosha kidole kisha akakutazama wewe uone anachokiona. Watoto wengi huanza hivyo wakiwa na mwaka mmoja na miezi michache.

Nakuharakisha kwa sababu nina deni. Miaka hiyo nikiwa nesi wa zahanati, mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka miwili na nusu asiyesema. Foleni ilikuwa imefika nje chini ya mwembe. Nikamwambia, "Wavulana huchelewa. Muulize babake yeye alisema lini." Tukacheka. Aliporudi mtoto alikuwa na miaka sita, hana neno, mkono wake wa kushoto una alama za meno yake mwenyewe. Mamake hakunilaumu. Alisema, "Nesi, ulinambia ningoje, nikangoja."

Sasa hao watafiti. Kituo ni cha KEMRI-Wellcome Trust, yaani taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya na shirika la ufadhili la Uingereza, pale Kilifi mjini. Daktari wa watoto Charles Newton alifika huko mwaka 1989, akashughulika na malaria inayopanda kichwani. Watoto waliopona walirudi nyumbani, na baadhi yao walirudi na kifafa, au ulimi mzito, au kichwa kisichoshika tena masomo. Kutoka hapo utafiti wa ubongo wa mtoto ukapanuka. Mmoja wa walioupeleka mbali ni Profesa Amina Abubakar, ambaye pia anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Mwaka 2015 yeye, Joseph Gona, Newton na wenzao walichapisha kazi ninayoipenda kuliko nyingine zao zote, kwa kuwa hakuna sindano ndani yake, ni kusikiliza watu. Walizungumza na watu 103 wa pwani hii: wazazi wa watoto wenye usonji, walimu wa elimu maalumu, matabibu, maafisa wa ustawi wa jamii. Wakawauliza, mnaona haya yatoka wapi, na mwayatibu vipi? Wakajibiwa mapepo, uchawi, laana. Wakajibiwa pia kurithi, maradhi, shida wakati wa kuzaa. Mwaka uliofuata wakatoa nyingine kuhusu mizigo ya wazazi hao: kunyanyapaliwa, kukosa tiba inayofaa, gharama, uchovu wa kulea. Mizigo hiyo haikuchagua dini wala kabila.

Kwa hiyo mama mkwe wako hayuko peke yake, na usigombane naye. Kombe ni zafarani, maji na maneno ya Mungu, sijapata kumkataza mtu. Ninachokataza ni kombe kushika zamu ya hospitali. Mwambie hivi: "Mama, msomee, na kesho twende sote akapimwe masikio." Akienda nawe atasikia kwa masikio yake, na hapo umepata wakili nyumbani.

Wifi yako ndiye ninayemtaka. Kwa ndugu zetu Wamijikenda kuna imani iitwayo chirwa, kwamba mtoto hudhoofika kwa kuwa wazazi wamevunja miiko ya ndoa, na kidole mara nyingi huelekea kwa mama. Wala usidhani ni sisi tu. Daktari Leo Kanner wa Baltimore alieleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wakubwa wa taaluma hiyo Marekani walishikilia kuwa chanzo ni mama mwenye moyo baridi. Wazungu nao walikuwa na shetani wao, wakampa jina la mama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, wenye urithi mmoja mwilini, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Ingekuwa ni moyo wa mama, wifi atwambie huo moyo ulijuaje ni mapacha gani wamefanana.

Ukitoka hospitali, ulizia kituo cha utathmini wa watoto kilicho chini ya Wizara ya Elimu, wengi hukiita EARC tu. Na ulizia mafunzo ya walezi. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kufundishwa na mtu asiye daktari bingwa, na yamefanyiwa utafiti Addis Ababa na huko huko Kilifi. Moja ya mambo yake jaribu hata kesho. Asubuhi usimpe uji moja kwa moja. Shika kikombe cha uji mkono huu na cha maji mkono huu, chutama mpaka macho yenu yawe sawa, sema "uji… maji", halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu mpaka kumi moyoni. Akigusa, akitupa jicho, akitoa sauti yoyote, ndilo jibu lake, mpe hapo hapo.

*Bi Nesi, nasomea ualimu wa elimu maalumu. Mhadhiri alisema watafiti wa Kilifi wametunga vipimo vyao vya ukuaji wa mtoto. Nikajiuliza, vipimo vya Ulaya na Marekani vipo tele, vimejaribiwa kwa maelfu ya watoto. Kwa nini kupoteza pesa kutunga vingine? — Mwalimu Mtarajiwa, Malindi*

Mwanangu, nikuhadithie nilichokiona kwa macho yangu, mahali sitapataja. Kipimo kimoja mashuhuri cha usonji kina mchezo wa sherehe ya kuzaliwa. Mpimaji huweka mwanasesere mezani, hufinyanga keki ya udongo laini wa rangi, huchomeka vijiti viwe mishumaa, kisha hungoja aone kama mtoto ataingia katika mchezo: ataimba, atapuliza, atamlisha mwanasesere. Siku hiyo alikuwepo mtoto wa miaka minne kutoka bara ya Ganze, kaja na nyanyake. Akatazama keki, akatazama vijiti. Akachomoa kimoja akakivunja aone kama ni kuni. Mpimaji akaandika. Nyanya akaniinamia sikioni, "Hiyo ni nini hata aipulize?" Nikamjibu ni keki ya mdoli. Akasema, "Basi mdoli na aipulize mwenyewe."

Mtoto yule alikuwa na shida kweli, sikatai. Lakini kipimo hakikumpima shida yake, kilimpima kama amewahi kuona mishumaa juu ya keki. Angepewa kinu kidogo na mchi, tungejua mengi zaidi.

Ukitaka la pili, macho. Vitabu vyasema mtoto mwenye usonji huepuka kumtazama mtu usoni. Haya, mtoto wa miaka saba aliyelelewa vyema huku kwetu akiitwa mbele ya mgeni mkubwa hutazama wapi? Vidole vya miguu yake. Hiyo ni adabu. Mpimaji asiyejua atamwandika mgonjwa, na anayejua kupita kiasi atasema "ni adabu tu" na kumwacha mwenye usonji aende zake. Cha kutazama ni kama mtoto, akiwa na mamake, akifurahi, humtafuta mamake kwa macho. Na hilo nani anayelijua? Mama. Ndiyo sababu swali kwa mama lazima liwe zuri, kwa lugha anayoitumia kumwitia kuku, si Kiswahili cha kitabu.

Kipimo alichokisikia mhadhiri wako ni ile Orodha ya Ukuaji ya Kilifi, ambayo Amina Abubakar na wenzake waliichapisha mwaka 2008. Ni ya watoto wa miezi 6 hadi 35, na inatazama mwendo wa mwili na jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, kwa vitu ambavyo mtoto wa hapa hatavishangaa. Haipimi usonji, na ukiona mtu anasema hivyo msahihishe. Lakini ujuzi wa kutunga kitu kama hicho, kukijaribu, kukirekebisha, kukijaribu tena, ndio unaowezesha mengine.

Kazi ya usonji yenyewe ina mtego mwingine. Kuna hojaji ya zamani iitwayo Maswali Kumi, ya watoto wa miaka miwili hadi tisa, iliyosambaa nchi nyingi maskini na ikajaribiwa Kilifi pia. Yauliza: alichelewa kukaa au kutembea? Aona? Asikia? Apatwa na degedege? Aelewa akitumwa? Ni maswali mazuri, lakini mtoto mwenye usonji anayetembea, anayeona na asiye na kifafa aweza kupenya katikati yake kama dagaa kwenye jarife. Uganda, Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake waliliona hilo wakaongeza maswali 13, yakawa 23, kuhusu mchezo, mazoea yanayojirudia na jinsi mtoto anavyohusiana na watu. Wewe waita kupoteza pesa. Mimi naita kubadilisha macho ya wavu.

*Nesi, mke wangu amegoma kumpeleka binti yetu sindano ya surua ya miezi 18. Ameona video kwamba ndiyo iletayo usonji. Tumenuniana wiki ya pili. Nani mkweli? — Baba Binti, Tanga*

Mkeo ameogopa, na hofu ya mama haitibiwi kwa kununa. Msomee hii.

Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha habari za watoto 12 katika jarida la *The Lancet*, London, wakihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Watoto kumi na wawili, si zaidi. Mwandishi wa habari Brian Deer akafukua, ikaonekana taarifa za watoto zimepotoshwa na kulikuwa na fedha za mawakili nyuma yake. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark wakatoa hesabu ya watoto 657,461 waliofuatiliwa tangu walipotimiza mwaka mmoja. Waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji.

Mbona basi wazazi wakweli huapa waliona kwa macho yao? Kwa sababu miezi 18 ndio umri ambao maneno yanatarajiwa, na yasipokuja, au yakija yakaondoka, ndipo mzazi anaposhtuka. Sindano na mshtuko vimekutana njiani. Surua yenyewe, nimeuguza watoto wake wodini, sitaki kukuelezea macho yao. Mpeleke binti, na wewe uende, umshike mkono mkeo si mtoto tu.

*Walikuja watu wa utafiti wakaomba mate ya mtoto wangu mwenye ulemavu wa akili, na yangu, na ya babake. Wasema ni vinasaba. Jirani asema tutauzwa Ulaya. Nikubali? — Mama Asiyelala, Kilifi*

Kukubali ni hiari yako, na ukikataa hakuna haki ya kupima mtoto kituoni utakayonyimwa. Hilo ndilo la kwanza kuwauliza, nao wakujibu mbele ya jirani huyo huyo.

Kazi yenyewe ninaifahamu kwa sura. Upo utafiti uitwao NeuroDev, wa Kilifi na Cape Town, unaolinganisha vinasaba, yale maandishi ya urithi yaliyo mwilini, vya watoto wenye matatizo ya ukuaji na vya wazazi wao. Wanataka watatu kwa sababu wakiona herufi iliyobadilika kwa mtoto, hutazama kama imetoka kwa baba, kwa mama, au imezuka kwake mwenyewe. Iliyozuka kwake si ya ukoo wa mtu, na nimeshaona ndoa ambayo jibu la namna hiyo lingeiokoa. Jambo jingine, karibu elimu yote ya vinasaba vya usonji imejengwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Daktari akikuta kitu katika vinasaba vya Mgiriama, mara nyingi hana pa kukilinganisha.

Lakini usitie kidole kabla hujaelezwa haya kwa lugha unayoiota usiku: sampuli zitawekwa wapi, kwa muda gani, nani atazigusa, je mtarudishiwa majibu, na mkibadili nia mtafanyaje. Akikwambia "wewe weka sahihi tu mama", mfungulie mlango atoke. Na usitarajie kuwa mate hayo yatamfanya mwanao aseme. Hayatamfaa yeye mwaka huu wala ujao.

*Assalamu alaykum Bi Nesi. Huku Muscat daktari ametwambia mwanetu ana tawahudi. Nyumbani Zanzibar wasema usonji. Ni ugonjwa mmoja? Na je, ni kwa sababu tumemchanganyia Kiswahili na Kiarabu? — Baba wa Muscat*

Waalaykum salaam. Ni kitu kimoja. Tawahudi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa peke yako, na jina la Kizungu, autism, nalo linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi. Lugha mbili hazileti usonji. Msemesheni lugha mnayoweza kumbembelezea na kumkemea nayo bila kufikiri, maana mtoto anayesikia wazazi wakipapasa maneno hukosa na utamu wake.

Kwa kuwa uko huko, nikupe hesabu ya Oman yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipata watoto 1.4 katika kila 10,000. Uliochapishwa 2019 ulipata 20.35 katika kila 10,000. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, ambayo ni zaidi tena. Hakuna upepo uliowapitia watoto wa Oman kati ya hesabu hizo mbili. Waliopelekwa kupimwa walikuwa wengi zaidi, na waliowapima walijua zaidi cha kuuliza.

*Shikamoo Bi Nesi. Mimi nina miaka 11. Ndugu yangu ana usonji, ana miaka 5. Hachezi na mimi. Yeye hupenda kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Mama amesema nikuulize mchezo gani atapenda. — Dada Mkubwa, Lamu*

Marahaba mjukuu wangu. Mchezo anaoupenda umeshautaja. Omba kwa mama kifuniko cha pili. Kaa sakafuni, karibu lakini usimguse, wala usimnyang'anye chake. Zungusha chako. Akisimamisha, nawe simamisha. Akizungusha haraka, nawe hivyo hivyo. Usiseme maneno mengi, sema "zungu-zungu-zungu… pwaa!" kinapoanguka, kila mara vile vile. Fanya kidogo kila siku baada ya madrasa, na akiondoka mwache aende.

Siku moja kifuniko chako kikiwa kinakaribia kuanguka, usiseme "pwaa". Nyamaza, mtazame. Akikutazama, au akisema yeye, niandikie siku hiyo hiyo, hata kama kalamu imeisha wino tumia penseli.